Otha Pickens Alivuta Sikio

Siku Otha Pickens alipomwona Lavon kwa mara ya kwanza, mtoto alikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake, akipiga vifuniko vya soda kwa mpini wa ufagio. Alivirusha juu mwenyewe na kuvifumua mwenyewe, vikaenda kulia kwenye bati la banda la kuku. Otha alikuwa amekuja kumtembelea Earline, mama wa mtoto huyo. Maneno aliyojipangia njiani, tangu kwenye mabwawa ya kambare alikofanya kazi, yalikuwa yamemkaukia mdomoni. Basi akapitia uani, akaanza kumrushia mtoto vifuniko.

Earline akatoka, akawakuta.

"Umekuja kuniona mimi au mwanangu?"

Otha akatazama viatu vyake.

"Haya, nawe utakula. Mkate wa mahindi upo wa kutosha."

Wakaoana mwaka uleule. Otha alikuwa mtu wa haya. Shule alikomea ya msingi, baba yake akamtoa akavune pamba. Kanisani akiombwa atoe salamu alisimama, akakohoa, akaketi. Lakini yeye na Lavon walijitungia lugha yao ya ishara za besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Otha akigusa ukingo wa kofia: mpira mbaya huo, uache upite. Akivuta sikio: ni wako, upige. Ishara ziliingia mpaka mezani, na kukuna kidevu kukawa na maana ya nipe pilipili.

"Mwanamume wewe," Earline alicheka, "siku ukifa utaniashiria toka kaburini?"

Mtoto hakuwa damu yake, ila ndiye binadamu pekee ambaye Otha hakumwonea haya.

Lavon alipokua, chuo kimoja kusini mwa jimbo kikamchukua na kumlipia sehemu kubwa ya karo ili akichezee besiboli. Kila Jumamosi ya mchezo Otha aliendesha pikapu yake kwenda huko, akaketi nyuma ya uzio, mahali ambapo mpigaji akigeuza shingo kidogo tu atamwona. Kina mama wa wachezaji wengine walimtania.

"Mzee Pickens, mbu wamekung'ata sikio? Kila saa unalivuta!"

Kocha Tolliver hakuwa na utani. Siku ya kwanza aliwaambia vijana kwamba uwanjani pale kuna ishara za mtu mmoja tu, naye ni yeye.

Mwaka wa tatu, mwezi Machi, walikuwa nyuma kwa pointi moja, zamu yao ya mwisho, nafasi mbili tu za kutolewa zimebaki. Wenzake wawili walikuwa wamesimama vituoni wakisubiri kukimbia. Lavon akashika gongo. Kocha akagusa mkanda wake: uguse mpira kidogo tu, udondoke karibu, utolewe wewe, wenzako wasogee. Otha aliiona ishara ile na akaielewa. Lakini aliona pia kwamba mrushaji amechoka, mipira yake inakuja juu, laini kama maandazi. Mkono ukapanda wenyewe. Akavuta sikio.

Lavon alimtazama kocha. Kisha akatazama uzio.

Akaupiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukaenda moja kwa moja kwenye glavu ya adui, akatolewa, na mwenzake aliyekwisha kukimbia akanaswa kabla hajarudi kituoni, naye akatolewa. Wakashindwa.

"Nani kakwambia upige?" kocha akafoka.

"Mimi mwenyewe, kocha."

"Basi wewe mwenyewe ukakae benchi."

Otha alikuwa karibu kabisa, vidole vyake vimeshika waya. Akafungua mdomo. Akakohoa, akaketi.

"Mdomo wako unajua kula tu?" Earline alimwambia nyumbani. "Nenda kamwambie yule mtu kwamba ni wewe."

Jumatatu akaenda ofisini kwa kocha.

"Karibu, mzee wangu. Una neno?"

Otha akasema mvua zimekuwa nyingi. Kocha akakubali. Akasema nyasi za uwanja zimestawi. Kocha akakubali tena, akatazama saa. Otha akaweka mezani mfuko wa samaki aliowasafisha kwa mkono wake, akaaga.

Lavon hakucheza tena. Mwaka uliofuata jina lake halikuwamo kikosini, karo ikamshinda, akaenda Memphis kuendesha lori. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomtafuna Otha. Angetukanwa, angepata pa kuanzia.

Alisubiri mpaka Pasaka moja, Lavon alipokuja kusalimia. Wakati wa kuondoka akamfuata uani.

"Lavon. Siku ile... mimi ndiye niliyepaswa kusema."

Tangu hapo Lavon akipiga simu na Otha akaipokea, mzee husikia tu pumzi za kijana, basi humpa Earline simu. Maneno ya mwisho kijana aliyomwambia ni yale ya pale uani, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari:

"Mimi unaniambia ya nini, mzee? Mimi nilikuwepo. Wa kuambiwa alikuwa kocha. Nilikaa kwenye benchi lile nikitazama lango, kila siku nasema leo mzee atakuja kusema. Haya, ingia ndani, kuna baridi."