Begi ni Lake, Afande

Mdogo wangu wa kiume alianza kufuga nywele mwaka aliopata pikipiki yake mwenyewe. Zilikua, zikasokotana, zikamfika mabegani, na tangu hapo hakuna kizuizi cha polisi kati ya Masasi na Newala kilichompitisha bila kumweka pembeni. Wenzake walipungiwa mkono wapite. Yeye aliambiwa azime, ashuke, atoe leseni, atoe bima, ageuze mifuko ya suruali. Akirudi nyumbani alinisimulia huku anacheka, akiigiza sauti za askari, na mimi nilimjibu bila kucheka, "Kanyoe. Hizo nywele ndizo zinazokuita."

"Nywele hazina mdomo, dada."

"Zinao. Kila mtu anazisikia isipokuwa wewe."

Nilisema hivyo kwa kumpenda. Ndivyo nilivyojiambia.

Baba yetu alitangulia kufariki, mama akafuata. Mimi nilikuwa darasa la sita, mdogo wetu wa kike la pili, na huyu wa mwisho alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nilimbeba mimi. Sikurudi shule. Nilibangua korosho kwenye majiko ya watu, nikachoma maandazi alfajiri, nikalima vibarua, na hakuna siku wale wawili walilala bila kula kwa sababu mimi nimechoka. Vidole vyangu hadi leo vina weusi wa mafuta ya korosho ambao sabuni haiuondoi. Naeleza haya ili ijulikane kwamba nilikuwa mtu wa kutegemewa, na kwamba nilijua hivyo.

Huyu wa mwisho alisoma hadi kidato cha nne. Siku moja wasaidizi wa kisheria walikuja kufundisha kwenye ofisi ya kata yetu Masasi, akakaa mbele kabisa, akarudi na kikaratasi. Alinisomea jioni hiyo nikichambua mboga. Askari akikusimamisha, muulize kwa heshima unashukiwa nini. Akikupekua, awepo shahidi. Kilichochukuliwa kiandikwe nawe upewe nakala. Mwanamke apekuliwe na askari mwanamke, kwa staha. Alikikunja kile kikaratasi akakiweka kwenye pochi pamoja na leseni. Nikamwambia karatasi haimzuii mtu mwenye bunduki. Akasema, "Haimzuii, lakini inamkumbusha."

Mwaka huo, likizo ya Juni, binti wa mdogo wetu wa kike aliingia unyagoni. Mdogo wetu ameolewa kijijini, mwendo mfupi kutoka Newala mjini, karibu na kwa mama mkubwa, dada wa mama yetu, ambaye ni nyakanga. Yeye ndiye anayewafunda wasichana na kuwatoa. Mama mkubwa alinipigia simu. Kuna majani na mizizi anayohitaji kwa kuwaogesha wanawali, ya mti usioota kule juu kwao, unaoota huku kwetu chini ya milima ya mawe. Niyachume mwenyewe, niyakaushe, niyafunge kwenye kaniki, niyafikishe kabla ya alasiri ya siku ya kuwatoa. "Fundo lisifunguliwe na mwanamume," akasema. "Wala usimweleze mwanamume ni la nini. Umenisikia, mwanangu?"

Nilimsikia. Mimi pia nilifundwa na yeye, na mambo niliyoambiwa mle ndani sijawahi kuyatamka mbele ya mwanamume, hata mume wangu.

Kikapu changu kilijaa mchele, sukari na khanga za kumtunza mtoto. Fundo halikuingia. Nikamwomba mdogo wangu begi lake la mgongoni, nikalitia chini kabisa, nikafunga zipu.

"Usifungue. Cha wanawake."

"Hata nusa sinusi," akasema, akalivaa begi kifuani, mimi nikapanda nyuma na kikapu mapajani.

Kizuizi kilikuwa kabla barabara haijaanza kupanda kuelekea Newala. Askari wawili, mmoja mtu mzima, mmoja kijana. Pikipiki mbili zilikuwa mbele yetu, zikapungiwa zikapita. Sisi tukaonyeshwa pembeni. Upande wa pili wa barabara, vijana wa bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria wakaanza kushangilia.

"Rasta leo!"

"Mkubwa, muulize shampuu anatumia gani!"

Mdogo wangu alizima, akavua kofia, akatoa leseni na bima kabla hajaambiwa. Askari kijana alizitazama mbele na nyuma. Zilikuwa sawa. Akazirudisha, kisha akamtazama kichwani.

"Begi lina nini?"

"Afande, naomba kujua, tunashukiwa kosa gani?"

"Nimekuuliza begi."

"Nitafungua, afande, sikatai. Naomba tu kujua tunashukiwa nini, na awepo shahidi. Na kama mtampekua huyu dada yangu, naomba aitwe askari mwanamke."

Aliyasema kwa adabu, mikono nyuma kama mbele ya mwalimu mkuu. Askari mtu mzima alikuwa amekaa kivulini. Akasimama.

"Nani kakufundisha?"

"Nimesoma tu, mzee."

"Msomi mwenye nywele hizo." Vijana ng'ambo ya barabara wakacheka. Yule mzee akanigeukia, sauti ikawa laini. "Mama, unatoka naye wapi huyu?"

"Masasi," nikasema. Upepo wa Juni ulikuwa wa baridi. Nilikasirika. Sikuwakasirikia askari. Nilimkasirikia mdogo wangu, kwa sababu angenyamaza tungekuwa tumeshapita.

Wakafungua begi. Likatoka koti la mvua, spana, chupa ya maji, halafu fundo jeusi la kaniki. Yule kijana akaliweka juu ya kiti cha pikipiki, akalifungua. Mwanamume akalifungua, mbele ya wanaume, mchana kweupe. Majani makavu yaliyosagika yakamwagika kidogo, yakapeperuka. Askari akayanusa.

"Hii nini?"

Mdogo wangu alinitazama mara moja tu, akaangalia chini. Hakujua ni nini hasa, lakini alijua ni kitu ambacho mvulana aliyelelewa vizuri hakitaji mbele ya dada yake.

"Nimeuliza. Hii ya nani?"

Nilikuwa na jibu. Jibu lenyewe lilikuwa kwenye kile kikaratasi: ni langu, ni jambo la wanawake, naomba aitwe askari mwanamke nimweleze. Nisingevunja neno hata moja la mama mkubwa. Mdogo wangu alikuwa ameshanifungulia mlango ule dakika chache kabla, kwa sauti, na kuchekwa kwa ajili yangu.

Nikasema, "Begi ni lake, afande."

Sikudanganya. Begi lilikuwa lake kweli. Nimelirudia neno lile kichwani mara nyingi nikitafuta uongo uko wapi, siupati, na ndiyo maana linaniuma kuliko uongo wowote niliowahi kusema. Nilimwogopa mama mkubwa na siri yake, niliogopa kulala mahabusu, niliogopa mtoto kutolewa unyagoni bila mimi. Yote hayo ni kweli. Lakini chini ya hayo kulikuwa na kitu kingine. Nilijua wataamini. Nilimtazama mdogo wangu kama wao wanavyomtazama, nikaona nywele, nikajua neno langu litashika.

"Ni yangu," mdogo wangu akasema. Basi.

Walimpandisha nyuma ya pikapu. Shahidi hakuitwa wala hakuna kilichoandikwa, na safari hii hakuomba. Askari kijana akaondoka na pikipiki yetu. Yule mzee akaniambia, "Mama, wewe endelea na safari yako. Uwe unaangalia watu unaopanda nao."

Sikumwambia kwamba nilimlea.

Nilichukua bodaboda ng'ambo ya barabara. Dereva alitaka kunipandisha Newala, nikamwambia afuate pikapu. Njia nzima alizungumza. "Hawa wenye nywele, mama, mimi nawajua. Ukimwona tu. Bahati yako hajakuibia." Nilishika kikapu. Ningeweza kumwambia anyamaze. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyoyasema jikoni kwangu miaka miwili.

Kituoni nilikaa kwenye benchi la nje. Jua lilihama kutoka miguuni hadi magotini ndipo nikaingia. Zamu ilikuwa ya askari mwanamke, wa makamo kama mimi. Nikamsalimia, nikasema nina neno naye peke yake. Akanipeleka chumba cha nyuma. Fundo lilikuwa mezani, limefunguliwa, limesambazwa juu ya gazeti. Kabla sijaanza alichukua kipande cha mzizi, akakivunja, akakinusa, akaufunga mlango kwa mguu.

"Unampelekea nyakanga?"

"Ndiyo."

"Wamenitandazia mezani kama ushahidi." Alitaka kucheka, akajizuia. "Mimi nilitolewa Tandahimba. Harufu hii mtu haisahau. Kwa nini hukusema palepale uitiwe mwanamke?"

Nikatazama majani juu ya gazeti.

"Wamesema kijana amekiri ni yake."

"Mimi ndiye niliyesema begi ni lake."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akayakusanya majani kwa kiganja, mengi yameshachanganyika na mchanga, akafunga kaniki kwa fundo letu, lile la kupindisha mara mbili, akanipa.

Mdogo wangu alitolewa akiwa hana viatu wala mkanda. Alikaa kwenye sakafu kuvaa. Yule askari mwanamke akamwambia, "Kijana, pole. Kama una malalamiko juu ya ulivyopekuliwa, yapo mahali pa kuandikwa. Nikusaidie?"

Nilisubiri aseme ndiyo. Huyu ndiye aliyekaa mbele kabisa ofisi ya kata.

"Sina malalamiko, afande," akasema, akifunga kamba za kiatu.

Tulirudishiwa pikipiki, tukapanda mlima. Kule juu upepo unavuma na mikorosho iko pande zote, na kila akipunguza mwendo kwenye kona nilidhani anataka kusema kitu. Tulifika alasiri imeshapita, ngoma zinalia. Nilimweleza mama mkubwa yote nyuma ya nyumba, hata lile neno. Alilifungua fundo, akaona mchanga, akayatupa majani chini ya mgomba.

"Haya mengine yatachumwa. Mtoto ataogeshwa kesho," akasema. "Mwenzako amekula?"

Nikampelekea mdogo wangu chakula. Alikuwa amekaa na shemeji, anawachekesha watu kwa hadithi ya safari. Aliigiza askari, akaigiza vijana wa bodaboda. Sehemu yangu hakuiigiza. Katika hadithi yake mimi sikuwepo. Alipokea sahani kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, dada."

Niliomba msamaha njiani tukirudi Masasi, nikisema na mgongo wake, na sijui upepo ulimwachia asikie kiasi gani. Alitikisa kichwa tu. Kizuizi hakikuwepo siku hiyo.

Wiki iliyofuata alikuja nyumbani kichwa cheupe, kimenyolewa kwa wembe. Masikio yalionekana makubwa, kama alipokuwa mdogo. Nilikuwa nimeomba kitu hicho miaka miwili. Nikaacha mwiko kwenye sufuria, nikaenda uani nikalia. Aliponifuata nikamuuliza kwa nini.

"Joto," akasema. Ilikuwa Juni.

Sasa hasimamishwi. Tunapita pale kizuizini mara nyingi, na askari wanampungia, mmoja amefika hadi kumwita "kaka". Mwezi uliopita tulipita tena, mimi nyuma na kikapu. Pembeni walikuwa wamemsimamisha mtu mwenye nywele ndefu. Mikoba yake imemwagwa chini, naye ameinua mikono. Hakuna aliyesimama karibu naye. Nilikumbuka kikaratasi, nikamgusa mdogo wangu begani.

"Simama," nikamwambia. "Tuwe mashahidi."

Aliniona kwenye kioo cha pembeni. Hakupunguza.

"Tutachelewa, dada," akasema.

Hatukuwa tunawahi chochote.