Korongo wa Zdravka

Hebu mtazame Velko anavyoingia nyumbani. Mkate uko kwapani, kofia mkononi, viatu kaviacha barazani kana kwamba bado yupo wa kumgombeza. Langoni kapita karatasi iliyobandikwa yenye picha ya mkewe, ile ya kutimiza mwaka tangu afariki, gundi yake haijakauka. "Nimerudi," anasema, na anayemjibu ni jiko la kuni, linatatarika. Hapo haketi mezani kula. Huyoo mpaka kona ya dirishani, anawasha kompyuta ya marehemu.

Zdravka alikuwa fundi cherehani. Ugonjwa ulipomnyima nguvu za kukanyaga cherehani, binti yao Nevena alimwekea mchezo wa kujenga: dunia pana ya matofali, haina mshindi wala mshindwa, mtu huchimba, hupanda na kujenga apendavyo. Zdravka akakijenga kijiji chao cha kando ya Danube, mpaka kisima cha jirani. Juu ya bomba la moshi la nyumba yao akaweka tundu la korongo. Tundu likabaki tupu, kwa sababu mchezo haukuwa na ndege huyo. "Waliotunga mchezo wamemkumbuka mbweha, wamemkumbuka popo, korongo wamemsahau!" alinung'unika.

Velko hakuwahi kucheza. Aliifungua tu dunia ile akaketi, mikono mapajani. Mchezo humrudisha mtu pale pale alipouachia. Kwa hiyo Zdravka wa mchezoni alikuwa uani, kashika ua jekundu, macho kwenye bomba la moshi. Kitufe kimoja kingetosha kumwondoa aliposimama. Velko hakukigusa.

Kwenye shingo ya taa, kando ya kioo cha kompyuta, ulining'inia uzi mwekundu na mweupe. Tarehe mosi Machi kila mtu huku hufungwa uzi kama huo mkononi, wala hauvui mpaka amwone korongo wa kwanza. Ndipo huufunga kwenye mti uliochanua. Zdravka alifariki Machi, korongo wakiwa bado safarini. Muuguzi aliukata uzi mkononi mwake akampa Velko, pamoja na pete.

"Si uufunge kwenye huo mti wako wa mcheri, yaishe?" bibi Dona, jirani, alimwambia Velko akiwa upande wa pili wa uzio. "Mwaka mzima unauatamia kama yai!"

"Hajamwona korongo, bibi Dona."

"Wewe je, huna macho?"

"Uzi si wangu."

Jumapili Nevena alipopiga simu kutoka Valencia, Velko alimweleza habari ya tundu tupu. "Baba, kuna vitu wachezaji wanavitunga wenyewe, vya kuongezea kwenye mchezo. Wanaviita modi. Iko modi ya ndege, na korongo yumo."

"Atatua kwenye tundu la mama yako?"

"Akipenda. Huyo ni korongo, Baba, si tarishi." Kisha sauti ikabadilika. "Ila nisikilize. Usiiweke kwenye dunia yenyewe ya Mama. Zisipopatana, inaweza kuifuta nyumba nzima, na hairudi tena. Toa nakala kwanza."

Velko alipakua modi ile. Mchezo ukakataa hata kufunguka. Akapiga simu, jasho linamtoka.

"Umefanyaje?"

"Ilikuja imefungwa. Nikaifungua, nikavipanga vilivyomo kimoja kimoja."

Nevena alicheka mpaka akakohoa. "Baba! Si kifurushi cha basi hicho! Kinawekwa kilivyo, kimefungwa vile vile!"

Angejuaje? Vifurushi vyote vya Nevena vilifunguliwa juu ya meza hiyo hiyo, kahawa huku, soksi kule, Zdravka akinusa kila kitu. Akaanza upya. Safari hii modi iligoma kwa sababu ilitaka toleo jingine la mchezo. Akajifunza kwamba hivyo viwili lazima vilingane, kama nati na skrubu. Hata hilo akaliweza.

Ikabaki nakala. Mchezo ulimwuliza nakala iitweje, akaandika kwa kidole kimoja: *Ya Velko*. Akaangalia mara tatu kwamba ile ya Zdravka iko salama, haijaguswa, ndipo akaifungua hii mpya. Zdravka alikuwa uani, na ua lake jekundu.

Velko akabonyeza kitufe. Mkewe akapiga hatua.

"Samahani," alisema kwa sauti, na jiko likatatarika.

Alimtembeza kwa shida, akamgongesha kisimani, akamwomba radhi tena. Kisha akamsimamisha, akangoja. Kahawa ilipoa. Mwishowe ndege mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa akatokea upande wa mto, akatua juu ya paa la bibi Dona.

"Huko hakuna tundu, mpumbavu wewe! Huku!"

Korongo alikaa akijichokonoa manyoya. Halafu akaruka, akazunguka, akatua kwenye bomba la moshi. Velko aliinua uso wa Zdravka, taratibu, mpaka ndege akawa katikati ya kioo. Wakabaki hivyo.

Baadaye aliuchukua uzi kwenye taa, akavaa kofia, akatoka mpaka chini ya mcheri. Ulikuwa umechanua. Alishika tawi kwa mkono mmoja, uzi kwa mkono wa pili, kisha akageuka kulitazama dirisha. Katika dunia ile nyingine, asiyoigusa, Zdravka bado alikuwa akilitazama tundu tupu.

Nawe unayenisikiliza, lau ungekuwa pale Velko akakuuliza, ungemwambiaje: mkewe amemwona korongo, au bado?