Tone la Rangi Kwenye Namba Mbili

Kosa langu la kwanza katika kazi ya friji nililifanya kabla friji hazijawa kazi yangu. Nilikuwa darasa la sita, Misima, na nilizungusha kidude cha baridi mpaka namba saba. Kidude kilianzia moja kikaishia saba, na mimi nilikuwa mtoto wa kushika nafasi ya kwanza darasani, mtoto aliyelia akipata tisini na nane. Nikaona saba ndiyo alama ya juu. Nani anakubali friji ya kwao ipate mbili?

Nakuambia mapema, rafiki yangu, usije ukanionea huruma katikati ya habari halafu ukajuta.

Siku hizi nina kibanda cha kutengeneza friji hapa Korogwe. Sikupita chuo chochote. Nilijifunza kwa kufungua, kuharibu na kufungua tena, na mpaka leo nikimaliza kazi naikagua mara nne, wateja wananiona nina kasoro. Mwezi uliopita guta lilisimama mlangoni na friji nyeupe. Nyuma yake akashuka mama mtu mzima, mwembamba, mkoba kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba." Akanitazama sana. "Wewe si mjukuu wa yule bibi wa mtungi? Wa Misima?"

Alikuwa muuguzi wa zahanati yetu. Bisibisi ilinidondoka, nikainama kuiokota, na nilikaa pale chini muda mrefu kuliko bisibisi inavyohitaji.

Bibi yangu alikuwa na sukari, ile ya kuchoma sindano. Nilikaa naye mimi peke yangu, maana wazazi walikuwa Kabuku na duka lao la barabarani. Dawa yake ilitaka ubaridi, na nyumba yetu wakati ule haikuwa na umeme. Muuguzi ndiye aliyetuonyesha la kufanya. Chukua mtungi mkubwa wa udongo, weka chungu kidogo ndani yake, jaza mchanga katikati, umwagie maji, funika kwa kitambaa kibichi. Tuliuweka chini ya dirisha lenye upepo. Ukitia mkono mle ndani saa nane mchana, jua la Handeni likiwa limekausha hata mate, vidole vilikutana na ubaridi mtulivu, kama kivuli kilichofungiwa. Vichupa vya dawa vilikaa humo, na pembeni bibi alificha kikombe cha maji ya kunywa. Maji yale yalikuwa na ladha ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Sijayapata tena popote.

Ila mtungi ulikunywa maji, na maji Handeni unayajua. Nilikuwa nakwenda lamboni alfajiri kabla ya shule na jioni baada ya shule, kidumu kichwani, foleni ya kina mama mbele yangu. Nusu kidumu ilikuwa ya mchanga. Wenzangu walinicheka kwamba nanywesha mchanga. Shingo iliniuma. Nikirudi, bibi ananipokea mlangoni: "Mume wangu huyo, karudi na mvua yake." Hakuniita mjukuu hata siku moja, mimi nilikuwa mume wake, na akikasirika alitishia kunidai talaka.

Siku moja muuguzi alikuja na mgeni, mama wa Kizungu aliyekuwa akizunguka kuangalia wagonjwa wa sukari. Mgeni alipiga magoti mbele ya mtungi wetu. Akatumbukiza kipimajoto, akasubiri, akakisoma, akaandika kwenye daftari. Halafu akaomba kupiga picha. Nilitamani kuubeba mtungi niutupe chooni. Nilikuwa nimevaa kaptula iliyotoboka nyuma, na huyu anapiga picha udongo wetu. Akasema maneno, muuguzi akayageuza: "Anasema kwao nyumbani umeme ukikatika, watu wanabaki wanaikodolea macho friji. Hawana akili nyingine. Anasema huu ni mzuri, msiubadilishe."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie anipe friji yake, nimpe mtungi."

Mgeni naye akacheka, akasema yuko tayari. Mimi sikucheka. Nilijua anatudhihaki kwa upole, kama walimu wanavyomsifia mtoto wa mwisho kwamba mwandiko wake unaendelea vizuri. Nikajikaza na Kiingereza changu cha shule, nikamwambia tutanunua friji. Akaniuliza kwa nini. Sikuwa na jibu, na kukosa jibu mbele ya mgeni kuliniuma wiki nzima.

Umeme ulifika mwaka uliofuata. Mjomba wangu, mtoto wa kwanza wa bibi, alikuwa anauza vitu vilivyotumika Ulaya, hapa hapa Korogwe. Nilimsumbua kila alipokuja. Hatimaye akatuletea friji juu ya lori la mahindi, imefungwa kwa godoro. Jirani yetu, mwanamke mwenye mdomo, alizunguka akiigongagonga. "Haya, Ulaya imehamia kwa bibi. Sisi tuombe viza tupate maji ya baridi."

Ndani ya droo kulikuwa na kitabu cha maelekezo. Kilikuwa na lugha nyingi na Kiswahili hakikuwemo. Lakini kilikuwa na picha, na mimi nilikisoma kwa picha kama mtu anayehifadhi. Hapa siagi, hapa jibini, hapa samaki, hapa chupa. Mayai yalikuwa na matundu yake kumi na mawili. Sisi tulikuwa na mayai manne, nikaenda kuazima manane kwa jirani ili picha itimie. Hatukuwa na jibini, nikaweka limau kwenye kijumba chake. Kwenye siagi niliweka bada la jana, ule ugali wetu wa muhogo. Picha ya dawa haikuwepo. Kwa watu waliochora kitabu kile hapakuwa na bibi wa sindano ndani ya nyumba, au walikuwa naye na kila mtu alishajua pa kuweka. Nikachagua mwenyewe mahali pa heshima, rafu ya juu kabisa, nyuma, chini ya freza.

Jambo moja zaidi. Pale kwenye kidude, kando ya namba mbili, kulikuwa na tone dogo jekundu la rangi ya kucha. Mtu wa huko, mwanamke bila shaka, alikuwa amejiwekea alama. Mimi niliona uchafu. Nililikwangua kwa wembe, nikasugua kwa majivu mpaka plastiki ikang'aa. Halafu nikakizungusha kidude mpaka saba.

Mchanga wa mtungi nikaumwaga uani siku ile ile. Bibi alisimama mlangoni akiangalia. "Taratibu, mume wangu. Mtungi hajafa bado, unamzika?"

Siku chache baadaye muuguzi alileta vichupa vya mwezi ule, akavitoa kapuni, nikavipanga mwenyewe. Asubuhi moja ya wiki iliyofuata nilifungua friji nikakuta dawa imeganda. Ilikuwa nyeupe, ngumu, kama kipande cha mshumaa. Na hapo hapo nikamsikia muuguzi kichwani, maneno aliyotuambia siku ya mtungi: baridi ya mtungi, siyo ya barafu, ikiganda imekufa.

Sikiliza sasa nilichofanya. Nilikitia kichupa kwapani. Nikakaa kwenye kigoda nimekibana mpaka kikayeyuka, nikakitikisa. Mle ndani kulikuwa na chengachenga, kama maziwa yaliyoanza kukatika. Nikatikisa tena zikapungua. Nikavifanyia hivyo vichupa vyote, kimoja kimoja, nikarudisha kidude namba tatu, nikaenda shule. Siku ile tulikuwa na jaribio la hesabu na nilipata yote.

Ningeweza kusema. Zahanati ilikuwa njiani kwenda shule, nilipita mbele ya mlango wake. Lakini mimi ndiye niliyeitaka friji, mimi ndiye niliyejua kitabu, jirani alikuwa ananiita injinia. Kusema kulikuwa na maana kwamba nimekosea, na mimi nilikuwa sijui mtu anaishije baada ya kukosea.

Bibi akaanza kiu. Mwanzoni kikombe, halafu jagi. Ndani ya wiki moja alikuwa anamaliza kidumu, tena aliona haya kwa ajili yangu. "Nakumalizia maji, mume wangu. Nisamehe, sijui tumbo hili lina shimo?" Nikawa nakwenda lamboni mara tatu, nne, mbio, nikirudi shati limelowa. Nilidhani nikileta maji ya kutosha itakwisha. Alikonda, khanga ikawa inamzunguka mara mbili. Alikuwa anasinzia huku anachambua mbaazi.

Muuguzi alimpima akashtuka. "Bibi, umekula nini?"

Bibi akainamisha kichwa kama mtoto. "Harusini kwa jirani. Vitumbua."

"Vingapi?"

"Viwili." Akafikiri. "Na nusu. Nusu nilimnyang'anya mtoto."

Watu walicheka na jambo likaishia hapo, ukweli ukawa ule. Kipimo cha sindano kikaongezwa, yaani tukaongeza maji meupe yasiyo na kazi. Jirani akawa anafunika bakuli la sukari akimwona: "Ficheni, mwizi huyo anakuja!" Ulikuwa utani, na bibi aliupokea kwa utani. Lakini nilimwona akiwa peke yake anahesabu kwa vidole, vitumbua viwili na nusu, akijaribu kuelewa vilimfanyaje yote haya.

Alianguka Jumamosi, saa nne asubuhi, akitoka kuanika muhogo. Pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyooza. Tulimpakia kwenye pikipiki, dereva mbele, jirani nyuma amemkumbatia, mpaka hospitali mjini Handeni. Walimpa dawa nzima, na siku ya tatu akafungua macho.

Mjomba alikuja kutoka Korogwe, akasimama pembeni ya kitanda. "Mama, utajiua kwa vitumbua? Umri huu? Tunakutafutia mpaka friji, na wewe unakula sukari?"

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, mkono wangu juu ya blanketi, chini yake kidole gumba cha bibi. Maneno yalikuwepo. Yalikuwa mafupi: dawa iliganda. Nilihesabu mpaka kumi, kisha mpaka kumi tena.

"Kweli mwanangu," bibi akasema. "Nimekosa. Sirudii."

Na hakurudia. Alirudi nyumbani na vichupa vipya vya hospitali, akaishi miaka miwili zaidi na hakuonja kitumbua. Harusini alikaa mbali na sinia, akinyoosha kiganja kabla hajakaribishwa: mimi nimekatazwa, mimi ni mwizi. Idi ilipofika alikaanga vya watu wote, nyumba nzima ikanukia iliki na nazi, naye hakulamba hata kidole. Alifariki kwa homa nikiwa kidato cha kwanza, bweni. Nilifika amekwisha kuzikwa. Nilikuwa nimeiandika barua ya kumwambia na kuirudia mara nyingi, kila mara kuna sentensi haijakaa sawa. Ilikuwa begini.

Basi mwezi uliopita, muuguzi amekaa kwenye benchi langu, nikamwambia yote. Friji, saba, kwapa, chengachenga. Sikumwangalia. Nilikuwa nazungusha bisibisi kwenye skrubu ambayo ilishakaza. Nilitegemea anipige, au aseme nilikuwa mtoto tu, kama mtu mwingine yeyote angesema. Akauvuta mkoba mapajani.

"Siku ile alipoanguka nilikwenda kwenu," akasema. "Nikakishika kichupa nikakiangalia juani. Niliziona chengachenga."

"Uliziona?"

"Niliziona. Nikajua imekufa. Nilidhani nimeiua mimi." Alikuwa anakunja na kukunjua mkanda wa mkoba. "Siku ya kuzileta nilipita msibani. Nikaliacha kapu kwenye pikipiki, juani, saa nzima. Nikaogopa kazi yangu. Nikakirudisha kichupa, nikasema ni vitumbua."

Nje mtu alikuwa anauza machungwa kwa kelele. Nikamhesabia miaka yote aliyobeba kosa langu, nikashindwa hata kumwomba msamaha, na yeye pia hakuniomba. Wa kuombwa hayupo. Sisi wawili tulijua, kila mmoja kwa upande wake, na tulimwacha bibi kizee akae mbali na sinia miaka miwili kwa sababu ya vitumbua viwili na nusu.

Mwishowe akauliza, "Mjomba wako yu hai?"

Tulikwenda pamoja Jumapili ile. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akatoka uani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Neno langu la mwisho la maana kwa mama lilikuwa lile la hospitali," akasema. Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza. Tangu siku ile hajapokea simu yangu.

Mtungi haupo. Mama aliyekuwa anafinyanga mitungi ile alikufa, na hakuna aliyeshika udongo wake. Nimeuliza mpaka Mashewa, wananionyesha ndoo za plastiki. Lambo limekauka, maji yanakuja kwa bomba siku mbili kwa wiki, na kila nyumba ina friji iliyotoka kwa mtu wa mbali aliyeondoka na alichokijua kuihusu. Nikimkumbuka yule mgeni aliyepiga magoti, naona alikuwa anasema kweli tupu. Aliniuliza kwa nini na alitaka kujua.

Kilichobadilika ni hiki. Kwenye droo ya vifaa vyangu kuna chupa ya rangi ya kucha, nyekundu. Kila friji inayotoka kwenye kibanda changu naiwekea tone kwenye namba mbili, na kabla mteja hajaipakia namwuliza kama nyumbani kuna mtu wa sindano. Mjomba anajua sasa kwamba mama yake hakuwa mwizi. Bibi alikufa hajui.