Kungwi Afundwa Uzeeni

Mimi ni kungwi. Hapa Bigwa wasichana wengi wamepita mikononi mwangu kabla ya kuolewa, na hakuna kiungo cha mwanamke nilichowahi kukitaja kwa kunong'ona. Asubuhi baada ya harusi ndimi niingiaye kukagua shuka, na nikitoka napiga kigelegele mpaka mbuzi wanashtuka. Sasa niambieni, mtu kama huyo ataona haya gani?

Basi nikaanguka. Nilikuwa nateremka mlimani kutoka shamba, mvua imenyesha, njia utelezi mtupu, mkungu wa ndizi kichwani. Nilitua kwa kiuno juu ya jiwe. Miguu ilipooza, ikarudi polepole, sasa natembea na fimbo. Kibofu hakikurudi. Mishipa ya fahamu inayokiamrisha iliumia, nikawa sijui kimejaa wala kimepungua, kinafurika tu chenyewe. Popote nilipokwenda nilibeba nailoni mkobani, nikikaa naitandika chini ya kanga. Maji nikaacha kunywa. Nikialikwa shughulini, nasema naumwa.

Ndipo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, akachumbiwa. Mama yake akataka kukodi kungwi wa Kihonda, yule anayefunda kwa maikrofoni! Mjukuu akagoma. "Bibi asiponifunda, sifundwi."

Nilifurahi, kisha nikalia. Kufunda ni kushinda chumbani kutwa nzima, umekaa mkekani, wanawake wamekuzunguka. Ningekaaje mimi?

Nikajikokota hospitali. Loo! Nani ananijia na glavu mkononi? Mwali wangu mwenyewe. Nilipomfunda hakuthubutu hata kuinua kichwa, leo ni muuguzi.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Niitie mwingine."

"Hakuna mwingine, somo. Shika kioo."

Alitaka nijitazame, nitafute tundu la mkojo, niingize mpira mwembamba kwa mkono wangu mwenyewe, mkojo utoke wote, kisha niuchomoe. Nifanye hivyo kila baada ya saa chache, kabla kibofu hakijafurika. Nikamwambia hana adabu.

"Adabu ulinifundisha wewe," akasema. "Si ulisema mwanamke asiyeujua mwili wake atajulishwa na watu?"

Kumbe nilisema! Nikashika kioo.

Mwanzoni nilikosea njia, nikatukana, kioo kikanidondoka, tukacheka mpaka mgonjwa wa nyuma ya pazia akauliza kuna sherehe gani. Alinipangia na maji ya kunywa, kidogo kidogo mchana kutwa, maana kujikausha kulikuwa kunaniumiza bure. Saa za mpira akazitegesha kwenye simu yangu ilie. Taratibu nailoni ikaanza kurudi nyumbani kavu. Lakini kuiacha sikuweza, nilikuwa naogopa.

Siku yenyewe ikafika, nyumbani kwa binti yangu, Mafiga. Muuguzi nilimwalika. Aliponiamkia tu akautia mkono mkobani mwangu, akaichomoa nailoni, akaikalia yeye.

"Somo, leo bila hii."

Nilitamani nimchape fimbo. Nikaketi juu ya mkeka mpya wa ukindu. Nikafunda. Nikaimba, nikasema yale yasiyosemwa barazani, mjukuu amejifunika kanga gubigubi. Katikati ya neno tamu simu ikalia, wote wakanitazama. Zamani ningeona heri ardhi inimeze. Nikashika fimbo nikasimama. "Kibofu changu kinaniita, nisubirini." Nikaenda, nikanawa mikono, nikajihudumia, nikarudi nikaendelea palepale nilipoishia. Ikalia tena alasiri, nikaenda tena, na safari hii hakuna hata aliyegeuka.

Jioni nikainuliwa, miguu imekufa ganzi. Muuguzi akapiga magoti pale nilipokuwa nimekaa. Akaupapasa mkeka kwa kiganja, polepole, ukingo mpaka ukingo, vilevile nilivyokuwa nikizipapasa shuka za maharusi. Mimi nikaegemea fimbo, macho kwenye kiganja chake.

Akainua kichwa akanitazama usoni, akapiga kigelegele.

Mjukuu akafunua kanga akakipokea. Wanawake wakapokea wote, hata wasiojua kisa. Nami nikasimama katikati yao na fimbo yangu, nalia kama mwali, kanga yangu kavu.