Kibao Kilichozimwa Wakati wa Baridi

Mafundi wawili wa Sfax walishamwambia Bi Zohra kwamba dawa ya kompyuta aliyoachiwa na mumewe ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Hiyo ndiyo dawa ya fundi mvivu, na mjini hapa wavivu hawana idadi. Wassila Jarraya, aliyetengeneza kompyuta katika chumba kidogo nyuma ya duka la viatu la kaka yake, hakuwahi kufuta mashine ya mtu bila kuichunguza kwanza. Alifundishwa hivyo shuleni, kwenye klabu ya kompyuta ya Mwalimu Mongi, mume wa Bi Zohra, aliyezikwa siku thelathini na tano zilizopita. Alipoiona kompyuta ya Mwalimu mezani, na kibandiko cha klabu bado kipo kifunikoni, alikipitishia kidole.

"Hiki kibao cha kusogezea mshale hakisikii kidole," alisema Bi Zohra. "Tangu baridi. Nilimuuliza marehemu, akasema kimekufa, niachane nacho."

"Nikuwekee kipanya, mama?"

"Kipanya cha nini? Yeye mwenyewe alinifundisha kwa kidole, kanishika mkono kama mtoto wa chekechea. Halafu, nahisi, akanifungia. Niambie kweli, Wassila. Alikuwa na kitu hakutaka nikione?"

"Hapana, mama," alijibu Wassila, ingawa hakujua.

Alichomeka kipanya chake mwenyewe, akaanza kazi. Mfumo wa kompyuta ulikuwa ule huria aliowafundisha Mwalimu klabuni, usiomficha kitu anayejua kuuliza. Akauuliza vifaa vyake vyote. Kibao kikatajwa, kizima, hakina kasoro, ila kimezimwa. Akakiwasha kwa amri moja na mshale ukatembea. Bi Zohra akamshukuru Mungu. Wassila akaizima mashine na kuiwasha tena ili ahakikishe, kibao kikawa kimekufa. Akarudia mara ya pili na ya tatu, yakawa yale yale. Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa barabarani, lakini nywele zilimsimama. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu mle ndani anayekizima kila mashine inapoamka.

"Ni yeye," Bi Zohra alinong'ona. "Hata sasa hataki."

Wassila akafungua orodha ya mambo yanayojiendesha mashine inapowaka. Akakuta faili moja, mistari miwili. Wa chini ulikuwa amri ya kukizima kibao, na ingawa alikuwa ameisahau, aliitambua herufi kwa herufi, kwa sababu yeye ndiye aliyemsomea Mwalimu kwa simu mwezi wa Januari, huku akimuuzia mtu chaja. Hakumuuliza anaitakia nini. "Umezeeka, Mwalimu, hata kidole kimekushinda?" alimtania, na wateja wakacheka. Mwalimu naye alicheka kidogo, akaaga. Hawakuzungumza tena.

Mstari wa juu ulikuwa wa aina ile ambayo mashine huiruka, ya kusomwa na binadamu tu. Mwalimu alikuwa akiisisitizia klabu nzima: ukibadilisha kitu, andika sababu, atakayekuja nyuma yako asihangaike. Hata alipokuwa akificha, mazoea yalimshinda.

"Mkono wa kulia unatetemeka, nikigusa kibao mshale unaruka ovyo. Zohra asijue."

Wassila alijichukia kwa kile kicheko. Angeweza kulifuta faili, kibao kikapona, siri ya Mwalimu ikabaki siri, na mjane akarudi nyumbani akiamini kwamba alifungiwa. Akaigeuza kompyuta.

"Soma mwenyewe, mama. Na hiyo amri ya chini nilimpa mimi. Sikumuuliza kwa nini."

Bi Zohra alisoma polepole, midomo ikitembea. Akarudia. Kisha akaangua kicheko ambacho hakikufika mbali kabla ya kugeuka kilio.

"Mjinga wewe, Mongi! Tangu baridi alikuwa akilala kaulalia mkono. Nikimgusa, anauvuta. Na mimi nikanuna, nikahamia chumba cha watoto. Miezi minne, Wassila! Nilidhani amenichoka."

Wassila alimpa maji, akangoja mpaka pumzi zitulie, ndipo akauliza kama aifute mistari yote miwili.

"Futa amri yako," alisema Bi Zohra, akijipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Huo wa juu usiuguse. Ndilo neno la mwisho aliloniandikia, hata kama hakutaka nilisome."