Mashine Inayouliza Maswali

Marudhachalam, jirani yangu katika karakana yetu ya kukereza shafti za pampu hapa Coimbatore, kusini mwa India, ni mwoga, na ninasema hivyo kwa heshima. Aliwahi kumwona rafiki yake akipigwa na chuma kilichochopoka kwenye mashine. Tangu siku hiyo husoma misimbo, ile mistari ya herufi na namba inayoiamuru mashine, mmoja mmoja kwa sauti, kidole kikiwa juu ya kitufe chekundu cha kusimamisha. Mashine haiendi mahali asipopajua.

Ndiyo maana mashine mpya ilimkosesha raha. Hiyo haitaki kuandikiwa misimbo. Inakuuliza: urefu gani? Unene gani? Unataka tundu? Ukishajibu inachora umbo kwenye skrini, inajipangia mambo yake na kuanza kazi. Na aliyepewa kuiendesha ni Poongodi, binti yake wa pekee.

"Mtu akikuhoji halafu asikwambie anakwenda kufanya nini, huyo ni polisi," alimwambia.

"Baba, we hata simu unaiogopa," Poongodi akacheka. "Tazama picha basi. Kila kitu kiko sawa."

Siku ya Ayudha Puja, sikukuu ya kuziombea baraka zana za kazi, hatukati chuma. Tulizivisha mashine mashada ya maua, tukafungua visu vyake vya kukatia na keekee za kutobolea, tukavipaka liwa na manjano, tukaviweka mbele ya picha ya mungu pamoja na bisi. Kesho yake Marudhachalam, ambaye kazi hiyo hamwachii mtu, akavirudisha vyote, mashine moja baada ya nyingine.

Poongodi akajibu maswali ya mashine mpya. Picha ikatokea, safi kabisa. Akasogeza uso kwenye kioo cha mlango wa mashine, akabonyeza kitufe cha kuanza.

Nilimwona baba mtu akikauka. Pale palipotakiwa kisu kifupi ilikuwa inakuja keekee ndefu, bado ina doa la liwa, inakimbilia chuma kinachozunguka. Aliruka, akampiga binti kikumbo, akakiangukia kitufe chekundu. Keekee ikasimama upana wa kucha kabla ya chuma.

"Si nilisema," akahema. "Si nilisema mashine hii..."

Hakumaliza. Alikuwa anaviangalia vile visu. Alikuwa amevifunga kwa mpangilio wa mashine yake ya zamani, kama mikono yake ilivyozoea miaka yote; na mashine huita namba ya nafasi tu, haioni kilichofungwa humo.

"Baba," Poongodi akasema, bado yuko chini, "iliniuliza kila kitu. Haikuniuliza nani kafunga visu."

Siku hizi Marudhachalam akimaliza kuvifunga humwita bintiye avikague, mbele yetu sote, na hakuna anayethubutu kumtania.

"Mashine nimeanza kuizoea," aliniambia juzi tukinywa chai. "Hii mikono ndiyo naiogopa, ndugu yangu. Na hii sina pa kuiacha."