Mkebe wa Vizibo Vinne

Mwezi jana binti yangu alirudi nyumbani na dadu ya ajabu, ya pande nne, yenye ncha kali kila kona. Aliiweka mezani karibu na sahani yangu.

"Mum, chunga usiikalie, inadunga," akasema. "Hii ni ya kisu. Silaha ndogo, dadu ndogo. Haiwezi kuumiza mtu zaidi ya pointi nne."

Amejifunza mchezo huo shuleni, ule wa watu kuketi mezani na kujifanya mashujaa wanaopigana na majitu, kwa maneno na karatasi tu. Nilimwambia ni vizuri. Halafu nikaingia jikoni nikasimama, nikaacha vitunguu viungue. Wacha nikueleze kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru: mama, nyanya, mimi na binamu yangu, tuliyelingana rika. Mama yake, niliyemwita mama mdogo, alikuwa akikata maua kwenye mashamba ya Naivasha na alipanga chumba kimoja huko huko, mtaa wa Karagita, kwa hivyo binamu akalelewa kwetu. Tulikula sahani moja. Jumamosi tulifua yunifomu, tukachambua maharagwe ya githeri, tukasugua sufuria kwa jivu, yote mbio mbio, ili saa nane ikifika tuwe tumevuka ua hadi kwa mwalimu.

Mwalimu alikuwa jirani yetu, mjane aliyefundisha hesabu. Mgeni mmoja aliyewahi kufundisha naye alimwachia kitabu cha mchezo huo, jalada limekwisha. Dadu hakuwa nazo, kwa hivyo alichukua mikebe ya mafuta ya kupikia akatia vizibo vya soda vyenye nambari. Mkebe wa kisu ulikuwa na vizibo vinne, wa upanga vinane, wa shoka kubwa kumi na viwili. Ukimpiga adui, unatumbukiza mkono bila kuangalia, na nambari utakayotoa ndiyo maumivu aliyoyapata.

Binamu alikuwa shujaa mrefu mwenye shoka. Mimi nilichagua mtu mfupi wa milimani, bila kujua kwamba silaha za watu wafupi hushuka mkebe mmoja. Upanga wangu ulihesabiwa kama kisu cha wengine. Kila Jumamosi nililalamika kwamba sindano ni ndogo na bado kila mtu huiogopa. Mwalimu alicheka kwa upole akasema kitabu kinahesabu ukubwa, basi. Kisha akashusha sauti kusimulia, jitu likaanza kupanda ngazi, upepo wa Januari ukarusha vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani na kugonga mabati, nasi tukasogeleana kwenye benchi. Hofu ile ilikuwa tamu. Sikujua kuna nyingine.

Jumamosi moja mwalimu alienda mazishi Rongai, akatuachia mikebe tucheze wenyewe. Tuliketi nyuma ya nyumba yake, karibu na kibanda cha kuku. Mtu wangu mfupi alipambana na jitu peke yake. Nilitoa kizibo cha moja. Nikatoa tena cha moja. Jitu likamuua, na binamu akacheka mpaka akajilaza chini.

"Hicho kisu chako ni cha kukata nyanya," akasema.

Kulikuwa na baiskeli mbovu pale, imelala kwenye mavi ya kuku. Nilichomoa spoki moja ya gurudumu iliyoshika kutu. Nilitaka tu kumgusa nayo, aone kitu chembamba kinavyouma. Lakini alikuwa anainuka, na mimi nilikuwa na hasira, na spoki ikaingia kwenye shavu la mguu wake, ndani sana. Nilihisi ikipita kwenye nyama. Nilipoichomoa lilitoka tone moja tu la damu.

Binamu alilitazama, akalipangusa kwa kidole.

"Pointi moja," akasema, na tukacheka wote.

Tulikubaliana tusimwambie mtu, kwa sababu mama angetukataza mchezo.

Wiki iliyofuata ilipita salama. Jumatano baada ya hapo binamu hakumaliza ugali. Alisema taya limechoka. Nyanya akadhani ni jino, akampa maji moto ya chumvi asukutue. Alhamisi shingo ilikuwa ngumu. Nilimwona akijaribu kupiga mwayo, mdomo ukakataa. Bado hatukumwambia mtu. Ijumaa alikuwa ametandikiwa sebuleni, nami nikaangusha beseni la chuma jikoni. Kwa kishindo kile mgongo wake ulipinda kama upinde, akabaki ameshikiliwa na visigino na kisogo, meno yamekazana, macho wazi. Hakuweza hata kulia.

Hospitalini daktari aliuliza kama mtoto ana kidonda. Mama akasema hana. Akauliza tena, labda msumari, labda mwiba. Nyanya akatikisa kichwa. Binamu alikuwa ananitazama kutoka kitandani. Hata kama angeweza kuongea, najua asingenitaja.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimdunga na spoki ya baiskeli."

Muuguzi alikunja suruali akatafuta. Alama yenyewe ilikuwa kama umeumwa na mbu. Daktari akasema ni pepopunda. Mama hakunipiga. Aliketi chini sakafuni, na hilo liliniogopesha kuliko kiboko.

Walimweka kwenye chumba chenye giza mchana kutwa, kwa sababu mwanga na kelele vilimrudishia ule mpindo. Kila nilipotoka shule nilikaa kwenye benchi la nje. Nilijifunza kuogopa sauti: toroli, mlango, mtu kukohoa, honi barabarani. Niliwaendea watu wazima nisiowajua nikawaomba watembee polepole. Ndoo ikiburutwa nilifumba macho nikahesabu, nikisubiri kusikia kama kuna mtu anakimbilia chumba chake.

Mama mdogo alifika kutoka Karagita akiwa bado na madoa ya kijani vidoleni. Alivua viatu mlangoni ili asifanye kelele. Alipotoka aliketi kando yangu.

"Ulijua anaugua kwa sababu yako tangu lini?" akauliza.

"Ijumaa, alipopinda," nikasema.

Ulikuwa uongo. Nilijua tangu Jumatano, alipoacha ugali. Aliniamini, akanishika bega.

Binamu alipona, baada ya wiki nyingi. Alijifunza upya kutembea akishika ukuta. Kisha mama yake akamchukua, na hakulala tena nyumbani kwetu. Mwalimu alikuja kutuomba msamaha, jambo ambalo sikulielewa, na mchezo ukaishia hapo. Siku hizi pale kwake kuna ghorofa nne za kupangisha, na hakuna anayekumbuka kibanda cha kuku. Nyanya hayuko. Mama mdogo tulimzika mwaka juzi, na siku hiyo binamu nami tulisalimiana kwa mkono kama wageni.

Usiku wa ile dadu sikulala. Asubuhi nilimpigia binamu simu, nikamwambia kuhusu zile siku mbili nilizoficha, Jumatano hadi Ijumaa. Nilisema kila kitu kwa haraka, nisije nikaogopa katikati.

"Hata mimi nilijua Jumatano," akasema. "Nilidhani nikikutaja watakupeleka kwa watu wengine, kama vile mimi nililetwa kwenu."

"Ningepelekwa wapi? Pale ndipo kwetu."

"Sasa ningejuaje? Nilikuwa mtoto."

Nilitaka kumuuliza kama aliwahi kumweleza mama yake, lakini nilijua hakuwahi. Watoto wawili walificha jambo moja kila mmoja kwa sababu yake, na mama mdogo, mtu pekee aliyeniuliza nilijua lini, alikufa akiamini ilikuwa Ijumaa.